Njaa Iliyoingia Moyoni

Somo: Ruthu 1:1–22



Kitabu cha Ruthu kinaanza na njaa. Kabla hatujatajiwa jina la mtu hata mmoja, tunaambiwa kwamba nchi haina chakula, na kwamba mtu wa Bethlehemu amemchukua mkewe na wanawe wawili wakaondoka kwenda Moabu. Kwa usemi wa hapa kwetu, mtu huyo, Elimeleki, alikwenda kuhemea. Msomaji wa Dodoma hana haja ya kufafanuliwa sura hiyo. Nyanda zetu za kati hupata mvua msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na ikikatika Februari mtama na uwele vikiwa bado vichanga, kila kaya inajua ni safari gani inayofuata.

Miaka kama kumi baadaye anarudi mkewe, Naomi, akiwa na mkwewe Ruthu peke yake. Mumewe na wanawe wote wawili wamezikwa ugenini. Mji mzima unataharuki, wanawake wanaulizana kama ni yeye kweli. Anawakataza wasimwite tena kwa jina lake, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemtenda mambo machungu: aliondoka amejaa, amerudishwa mtupu. Sisi wahubiri huwa na haraka ya kuupita mstari huo ili tumfikie Ruthu na uaminifu wake, kisha Boazi, kisha mtoto na ukoo wa Daudi. Juma hili nawaomba tusimame na Naomi hapo hapo alipo, kabla jambo lolote jema halijamtokea.

Mama huyu ameangukiwa na mambo mawili. Uchumi wa nyumba yake umeporomoka: hana mume, hana wana, na kipande cha ardhi cha marehemu hana nguvu ya kukilima. Nafsi yake nayo imeporomoka. Haoni kesho, anajiona amelaaniwa, hata binti aliyeacha kwao kwa ajili yake hamhesabu anaposema amerudi mtupu, na Ruthu yuko pale pale kando yake. Siku hizi tungempeleka kwenye milango miwili. Wachumi wangeuita msiba wa kwanza mdororo, na ukizidi kuwa mkubwa na kukaa miaka, anguko. Madaktari wangeuita wa pili sonona. Hapa jijini kila mmoja una watu wake na majengo yake: Hazina upande mmoja, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe upande mwingine. Lakini Naomi alikuwa na nyumba moja tu, na misiba yote miwili iliingia humo kwa mlango mmoja.

Nchi yetu ya Ugogo inalijua jambo hili kwa gharama kubwa. Wazee wetu walituachia kumbukumbu ya Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika huku, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Waingereza walipoingia nao wakachukua. Kisha mvua zikakosekana, ghala zikiwa zimekwisha kufagiliwa. Mwishoni mwa 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000, kati ya wakazi wapatao 150,000. Ni mtu mmoja kati ya watano. Waliokufa angalau wamekadiriwa. Waliobaki hai wakiwa wamenyamaza, wamekaa mlangoni mwa tembe lisilo na ng'ombe wala mtoto, hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 1917, Mtunya ikianza, alizaliwa hapa Ugogo Mathias Mnyampala. Alikuja kuwa hakimu na mshairi, akaandika historia ya Wagogo iliyochapishwa 1954, na katika miaka ya 1960 akaiweka Injili, kisha Zaburi, katika umbo la utenzi wa Kiswahili. Namtaja kwa sababu mtoto aliyezaliwa katika njaa ile aliona inafaa wasomaji wa Kiswahili wawe na Zaburi kwa mizani na vina vyao wenyewe, na sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko. Ya 88 inaishia gizani kabisa, bila shukrani, bila ahadi, mwombaji akisema rafiki zake wameondolewa. Imo katika Biblia zetu zote. Sikumbuki ni lini ilisomwa kwa sauti katika ibada ya Jumapili, na nadhani ndugu zangu wachungaji wengi watasema hivyo hivyo. Tumewafundisha waumini nyimbo nyingi za ushindi, na mtu asiyeshinda leo hana wimbo wa kuimba nasi.

Baada ya Mtunya watu walianza tena kujaza zizi. Ikaja Oktoba 1929, soko la hisa la New York likaanguka, na miaka michache baadaye anguko hilo lilikuwa limefika hadi kwa mkulima ambaye hakuwahi kuisikia New York. Lilifika kwa njia nyepesi sana. Viwanda vya ng'ambo vilipunguza kununua, na bei ya mkonge, zao lililokuwa likiibeba Tanganyika, ikashuka chini ya nusu. Mashamba yakapunguza vibarua na mishahara. Kijana aliyekuwa akituma fedha nyumbani akarudi mikono mitupu. Karanga na mifugo vikakosa bei. Kodi ya serikali haikushuka kwa kadiri ile, kwa hiyo kodi ile ile iliyolipwa kwa mnyama mmoja sasa ilidai wawili. Nzige nao walikuja katika miaka hiyo hiyo. Kisha mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta na mradi wao wa karanga, na mapema 1951 mradi ukafungwa; Bunge la London lililia kwa ajili ya pauni zipatazo milioni 36 zilizopotea. Walio na umri wangu wanaikumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Kagera, foleni za sukari na sabuni na unga wa mahindi ya njano tuliouita wa yanga. Sitaki kuorodhesha kila shida. Nataka tuone kwamba kila mara bei ilipoanguka mahali fulani pa mbali, kuna baba katika vijiji vyetu aliyeacha kuzungumza na watoto wake.

Na bado inatokea. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei nchini hadi watu wa mjini wakapiga kelele, nao walikuwa na haki. Serikali ikapunguza ushuru wa mafuta yanayotoka nje. Msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaanguka Singida na Dodoma. Nafuu ya mpishi wa mjini ikawa msiba wa mkulima wa Chemba na Kongwa aliyekuwa ameongeza eka baada ya kuona bei nzuri ya msimu uliopita. Ushuru ulikuja kurekebishwa baadaye, lakini mkulima aliyekwisha kuuza kwa hasara hakurudishiwa kitu. Wakulima wetu wa zabibu nao wanajua uchungu wa kusimama shambani mzigo umeiva na mnunuzi hajatokea, maana zabibu hazisubiri kama mtama.

Sasa tumfuate mkulima huyo hadi nyumbani. Amekopa pembejeo akitegemea mavuno. Mavuno yamekuja, bei haikuja. Mkewe anachukua mkopo wa riba kubwa uitwao kausha damu ili watoto wasifukuzwe shule, na marejesho ni ya kila juma. Juma la tatu linawakuta hawana. Anayekuja kudai hasimami pembeni. Anasimama uani ambapo majirani wanasikia. Baba anaanza kukosa usingizi. Anaamka saa tisa usiku na kurudia hesabu zile zile. Chakula kinamkinaisha. Anaacha kwenda kwenye vikao vya kahawa kwa kuwa wanaomdai wako huko. Anaacha kuja kanisani kwa kuwa kuna ahadi ya ujenzi hajaitimiza na jina lake limesomwa. Naam, tunayasoma majina hayo, tena kwa kipaza sauti. Baada ya miezi miwili mzee wa kanisa anasema ndugu yule amepoa kiroho, na kikundi cha maombi kinatumwa kwenda kumwonya.

Katika habari hii yote hakuna mahali ambapo mtu huyo alimwacha Mungu. Alianza kwa kupoteza fedha, kisha usingizi, kisha heshima, kisha watu wake, na sisi tulikuwa miongoni mwa watu hao.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Siyo kila sonona inatoka katika umaskini. Inampata mama aliyejifungua salama mtoto aliyemtamani. Inampata mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyefaulu vizuri, na mtumishi wa serikali aliyehamia huku na ofisi yake huku familia ikibaki Dar es Salaam. Inawapata wachungaji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani waliishi nayo, matajiri na maskini. Ni ugonjwa, na una dalili ambazo hata mhudumu wa zahanati anaweza kuzitambua: huzuni au ubaridi wa moyo unaokaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, kutofurahia tena yale uliyoyapenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usioisha, kujihukumu pasipo sababu, kushindwa kuamua hata jambo dogo, na kwa wengine, kuwaza kifo. Unatibika. Kuna mazungumzo ya kitaalamu yanayosaidia, na kuna dawa ambazo huchukua majuma kadhaa kabla mgonjwa hajaona mabadiliko. Kwa hiyo yeyote anayemwambia mgonjwa atupe dawa zake juma la pili ili aonyeshe imani, anamtendea vibaya. Nasema hivi nikijua kwamba wapo watumishi wa Mungu wanaofanya hivyo hapa jijini kwetu kila Jumapili. Waache tabia hiyo.

Tazameni Bahi. Mto Bubu unateremka kutoka upande wa Kondoa na kuingia katika bonde lililodidimia, na maji hayana pa kutokea. Hayaendi Bahari ya Hindi wala ziwa lolote kubwa. Yanakaa pale yakikaushwa na jua, na kiangazi kikikolea pembezoni hubaki magadi na chumvi. Lakini panapochimbwa mifereji, maji yale yale hustawisha mpunga unaoliwa mji mzima. Huzuni ya mtu asiye na wa kumweleza inakaa vivyo hivyo, na kazi yetu ni kuchimba mfereji.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha namna. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, sehemu zilizokuwa zimepigwa sana na UKIMWI. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe wanauelezaje ugonjwa huu, wakakuta kwamba wanaujua vizuri kwa lugha yao. Kisha wakachukua watu wa kawaida wa maeneo yale yale, wasio madaktari wala wauguzi, wakawafundisha kwa majuma mawili jinsi ya kuongoza kikundi. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake, saa moja na nusu kila juma, kwa majuma 16. Walizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wa nyumbani, na mabadiliko ya maisha yaliyowaelemea. Mwanzoni karibu washiriki 9 kati ya 10, katika vijiji vilivyopata vikundi na visivyopata, walikuwa na dalili kamili za sonona. Mwishoni, katika vijiji vilivyopata vikundi walibaki asilimia 6.5. Katika vile vingine, asilimia 54.7.

Nilipousoma utafiti huo nilifikiria jumuiya zetu. Kikundi cha watu wa mtaa mmoja, wanaojuana, wanaokutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao: tunacho tayari, kutoka Chang'ombe hadi Nkuhungu, kutoka Mvumi hadi Mpwapwa. Wakatoliki wanacho, Walutheri wanacho, Waanglikana tunacho. Kinachokosekana ni nafasi ya mtu kusema. Tunafika, tunaimba, tunasoma somo, tunachanga, tunatangaza michango mingine, tunafunga kwa sala, tunakunywa chai na kuondoka. Mwenye shida anaomba tumwombee "hitaji la moyoni", na hakuna anayemuuliza hitaji lenyewe ni lipi. Tunadhani tunamstahi. Huenda tunajistahi wenyewe.

Kuna jambo jingine linalowazuia watu wasiseme, nalo ni hospitali yetu wenyewe. Mirembe imekuwapo tangu miaka ya 1920. Umri wake unakaribiana na wa dayosisi yetu, iliyoanzishwa 1927. Wagonjwa wanaletwa hapa kutoka mikoa yote, nayo ni moja ya huduma kubwa ambazo Dodoma imelitolea taifa zamani kabla haijaamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Nasi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Watoto wanatukanana kwalo shuleni, watu wazima wanataniana kwalo vijiweni, na nimelisikia hata madhabahuni mhubiri akitaka kuchekesha. Kila tunapolisema hivyo, mama mmoja aliyeketi kwenye benchi la nyuma, ambaye hajalala majuma matatu, anaamua kwamba hatakwenda. Tumemfungia mlango wa hospitali kwa mzaha.

Na wapo waliofika mwisho wa nguvu zao wakajaribu kujiua. Kanuni yetu ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inamhesabu mtu huyo kuwa mkosaji. Sheria ya namna hii tuliachiwa na Waingereza, ambao kwao waliifuta mwaka 1961. Kenya walikuwa nayo pia, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba inapingana na Katiba. Kazi ya kubadili sheria ni ya Bunge, ambalo liko hapa hapa mjini, na sioni ubaya wachungaji kulikumbusha. Iliyo yetu moja kwa moja ni hii: makanisa mengi yamekuwa yakikataa kumzika kwa ibada mtu aliyejiua, na familia inabaki na misiba miwili. Mtu aliyekufa kwa malaria hatuulizi kama alikuwa na imani ya kutosha kuishinda malaria. Nawasihi wazee wa kanisa tulitafakari hili tukiwa na hofu ya Mungu, kabla msiba mwingine haujatukuta tukibishana makaburini.

Turudi Bethlehemu. Katika sura zote nne za kitabu hiki, hakuna mtu hata mmoja anayemkemea Naomi kwa maneno yake makali juu ya Mungu. Wanawake wa mji hawamwambii ashukuru kwa kuwa bado ana uhai. Ruthu hamhubirii. Anamwomba ruhusa aende shambani kuokota masazo, kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Jioni anarudi na shayiri, pamoja na chakula alichobakiza mchana, anampa mama mkwe wake.  Ndipo Naomi, kwa mara ya kwanza tangu arudi, anamtaja Mungu kwa maneno ya baraka. Mwandishi hakuhitaji kueleza zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hii anauona utaratibu wake.

Lakini tusilifanye kuwa jambo la moyo mwema wa Ruthu peke yake. Masazo yalikuwa sheria. Torati ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Kilichoanguka kilikuwa haki ya maskini, mjane na mgeni. Boazi, mwenye shamba, aliongeza kwa ukarimu wake, mwishoni akampa vipimo sita vya shayiri, ila hata kama angekuwa mchoyo, sheria ilikuwa imekwisha kumfungulia Ruthu shamba. Kwa hiyo uponyaji wa Naomi ulihitaji mtu wa kukaa naye, ulihitaji chakula, na ulihitaji taratibu za uchumi zisizomwacha aliyeanguka afie chini. Kanisa linalosali na mwenye sonona bila kuuliza anadaiwa na nani limefanya sehemu ya kazi. Serikali inayotangaza kwamba uchumi umekua, bila kumuuliza mkulima wa alizeti anavyolala, nayo imefanya sehemu ya kazi.

Nina maombi machache, na nayataka yafanyike kabla ya Jumapili ijayo.

Viongozi wa jumuiya, katika kikao cha juma hili punguzeni matangazo ya michango, mtenge nusu saa ya watu kusema hali zao, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake kama itakuwa rahisi zaidi. Yatakayosemwa humo yaishie humo. Wahasibu wa mitaa, acheni kusoma hadharani majina ya waliochelewa kutimiza ahadi. Nitaacha na mimi. Wenye vikoba, tazameni kama mnaweza kumkomboa mwenzenu mmoja kutoka mkopo wa kausha damu na kumpangia marejesho anayoyaweza. Wahubiri, isomeni Zaburi ya 88 mbele ya watu na msiifungie kwa haleluya ya haraka.

Nawe unayesoma haya huku dalili nilizozitaja ukizijua kwako mwenyewe: hujatenda dhambi kwa kuumwa. Mwambie mtu mmoja leo, awe mke, mume, dada, rafiki au mchungaji wako, kisha nendeni pamoja kituo cha afya kilicho karibu. Ukishauriwa kwenda Mirembe, nenda. Kama mawazo ya kifo yamekukaribia, usisubiri kesho wala usibaki peke yako. Ukikosa wa kukusindikiza, njoo ofisi ya usharika siku yoyote, tutakwenda pamoja, na nauli tutaitafuta sisi.